Mashine Ihesabuyo Matone: Kazi Yake Katika Nchi ya Dhahabu na Funzo Lake kwa Mkulima wa Karafuu



Katika kurasa hizi tumezoea kueleza habari za mikarafuu, uchumaji, uanikaji na ununuzi. Leo tunaomba ruhusa yenu tuvuke bahari na kwenda mbali kidogo, mpaka Bugarama katika Mkoa wa Shinyanga, kwenye nchi ya dhahabu. Sababu ya safari hii ni kwamba siku hizi mazao ya mkulima hupimwa kwa mashine zaidi kuliko zamani. Kuna mizani za umeme, kuna vipima unyevu, kuna vyombo vya maabara. Mashine hutoa tarakimu moja tu, na kwa tarakimu hiyo mtu hupata daraja na fedha zake, au huzikosa. Basi yafaa kila mwanachama ajiulize: tarakimu hii imetoka wapi, na nitajuaje kuwa ni ya kweli?

Swali hili hujibiwa vizuri zaidi mahali ambapo tarakimu ya mashine ina uzito mkubwa. Katika viwanda vya dhahabu tarakimu moja hufungua au hufunga bomba la sumu. Ndiyo maana twaanzia huko, kisha tutarudi mashambani kwetu.

1. BUGARAMA NA DHAHABU YAKE

Bugarama ni kata katika Halmashauri ya Msalala, sehemu ambayo zamani ilihesabiwa pamoja na Kahama. Upande huo ndiko uliko mgodi wa Bulyanhulu, kiasi cha kilomita 55 kusini ya Ziwa Victoria. Ni mgodi wa kuchimbwa chini kwa chini, nao ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001. Leo waendeshwa na kampuni ya Barrick, na Serikali ya Tanzania ina hisa asilimia 16. Mwamba wake hauna dhahabu peke yake. Ndani yake mna fedha kidogo na shaba pia. Tunaomba msomaji aliweke neno hilo la shaba akilini, maana tutalirudia mbele.

Dhahabu iliyo nzito na yenye chembe kubwa huweza kutengwa kwa maji. Nyingine hutoka pamoja na shaba katika unga uitwao makinikia. Lakini ile iliyo laini mno, isiyoonekana kwa jicho, haina budi iyeyushwe. Dawa iyeyushayo dhahabu ni sayanaidi. Njia hii ilivumbuliwa mwaka 1887 mjini Glasgow na John Stewart MacArthur pamoja na ndugu wawili wa jamaa ya Forrest, na mpaka leo sehemu kubwa ya dhahabu ya dunia hupatikana kwa njia hiyo.

Mwamba husagwa ukawa unga, unga ukachanganywa na maji, chokaa na sayanaidi ndani ya matangi makubwa yanayopulizwa hewa. Dhahabu huyeyuka kama chumvi iyeyukavyo katika mchuzi. Kisha hutiwa mkaa maalumu, nao huinasa dhahabu. Wanachama watafurahi kusikia kwamba mkaa upendwao zaidi kwa kazi hiyo ni ule uliotengenezwa kwa vifuu vya nazi, kwa kuwa ni mgumu na hausagiki upesi. Basi kifuu tukitupacho sisi jikoni, wenzetu wa migodini hukinunua kwa fedha.

Wachimbaji wadogo wa Kahama na Geita nao wana habari ya sayanaidi. Mchanga waliokwisha kuuosha, wauitao marudio, hukusanywa na kupelekwa kwenye matangi ya wachenjuaji ili dhahabu iliyobaki iyeyushwe. Kwa hiyo mambo tutakayoyaeleza si ya kampuni kubwa pekee.

2. KWA NINI SAYANAIDI HUPIMWA KILA SAA

Sayanaidi ikiwa kidogo, dhahabu haiyeyuki yote. Hubaki katika unga na kwenda kutupwa kwenye bwawa la mabaki, na jasho la waliochimba limepotea. Ikiwa nyingi kupita kiasi, mwenye kiwanda atupa fedha zake, na sumu iliyozidi huishia katika bwawa hilo hilo. Tena hapana budi maji ya tangi yawe na chokaa ya kutosha, kwa kipimo cha pH kisichopungua 10. Chokaa ikipungua, sayanaidi hugeuka kuwa gesi na kuruka hewani, na gesi hiyo huua.

Mambo haya si ya kubuni. Tarehe 30 Januari 2000, huko Baia Mare katika nchi ya Romania, ukingo wa bwawa la mabaki ya dhahabu ulibomoka. Maji yenye sayanaidi kiasi cha mita za ujazo 100,000 yaliingia mitoni, yakafika mto Tisza na mto Danube, na samaki wengi mno wakafa. Baada ya msiba huo zilitungwa kanuni za kimataifa za kutumia sayanaidi migodini. Kanuni hizo zasema kwamba maji ya wazi ya bwawa, ambayo ndege na wanyama huweza kuyafikia, yasizidi miligramu 50 katika kila lita ya ile sayanaidi iliyo huru au iliyoshikana kwa udhaifu na madini mengine.

Basi mpimaji wa sayanaidi hapimi kwa ajili ya kujaza karatasi. Tarakimu yake yahusu dhahabu ya leo, maji ya kesho, na pumzi ya watu wasimamao karibu na tangi.

3. KUPIMA KWA MATONE

Njia ya kupima huitwa titresheni, yaani kupima kwa matone. Si ngeni kabisa kwetu sisi wa visiwani. Mafuta ya nazi yakitaka kujulikana uchachu wake, mpimaji huyachanganya na spiriti, akatia kiashiria cha rangi, kisha akadondosha dawa ya magadi makali tone kwa tone mpaka rangi ya pinki ionekane na kubaki. Kiasi cha dawa kilichotumika ndicho kionyeshacho uchachu. Chombo cha kudondoshea huitwa bureti, nayo ni bomba la kioo lenye mistari ya kupimia na koki chini yake. Bureti ya kwanza yasemekana ilitengenezwa na Mfaransa Descroizilles mwaka 1791.

Kwa sayanaidi dawa ya kudondosha ni nitreti ya fedha. Njia hii ilielezwa na Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1851. Siri yake ni kwamba chembe moja ya fedha hukamatwa na chembe mbili za sayanaidi. Tuitazame kwa mfano wa bandarini. Tuseme kuna mahamali ghalani ambao hatuwezi kuwahesabu, na kila gunia la karafuu huchukuliwa na mahamali wawili, ambao wakiisha kulichukua hawarudi tena. Tukitoa magunia moja moja, kila gunia litachukuliwa maadamu mahamali wawili wapo. Siku gunia la kwanza litakapobaki sakafuni bila mchukuzi, tutajua mahamali wamekwisha. Tukihesabu magunia yaliyokwenda na kuzidisha mara mbili, twapata hesabu ya mahamali bila ya kuwaona hata mmoja.

Ndivyo ilivyo hapa. Maadamu sayanaidi huru ipo, kila tone la fedha hutoweka. Chembe ya fedha ya kwanza iliyokosa mchukuzi ndiyo ionyeshayo kwamba mwisho umefika. Zamani mpimaji alitazama kwa jicho mpaka maji yanapoanza kuwa na utusitusi. Baadaye kilipatikana kiashiria kiitwacho rodanini, kigeuzacho rangi kutoka njano kwenda pinki hafifu.

Lakini jicho la mtu lina kasoro zake. Usiku si kama mchana. Mtu aliyechoka huiona pinki mapema au huchelewa kuiona. Wapimaji wawili huweza kupima maji ya chupa moja na kupata majibu mawili, na kila mmoja akaapa kuwa yeye ndiye mkweli. Hapana wa kuwaamua, maana rangi iliyokwisha kumwagwa haiwezi kuitwa kutoa ushahidi.

4. MASHINE YAFANYAJE

Mwaka 1893 Mjerumani Robert Behrend alionyesha kwamba mwisho wa matone waweza kujulikana kwa umeme badala ya rangi. Hutiwa ndani ya maji kijiti cha madini kiitwacho elektrodi. Kwa kazi ya sayanaidi kijiti hicho ni cha fedha. Elektrodi hutoa umeme mdogo sana, upimwao kwa milivolti, na umeme huo hubadilika kadiri fedha iliyo huru inavyozidi katika maji. Sayanaidi ikiwapo kwa wingi, umeme hupanda polepole. Sayanaidi ikiisha, umeme huruka ghafula.

Mashine za leo zimeunganisha mambo hayo yote. Katika viwanda vikubwa, pampu huvuta maji kutoka tangini, chujio huzuia unga, kiasi kilichopimwa huingia katika chombo, na bureti inayosukumwa na mota hudondosha dawa. Baada ya kila tone mashine husoma milivolti na kuandika. Kazi ikiisha, chombo huoshwa, na mzunguko waanza upya, usiku na mchana.

Kuna jambo moja hapa ambalo kila mtu apimaye kwa mizani atalielewa. Mashine nzuri haisomi mara tu tone lianguka. Husubiri. Dawa huhitaji muda wa kuchanganyika, na elektrodi huhitaji muda wa kutulia. Ni sawasawa na karani wa ununuzi: akisoma mshale wa mizani ungali unacheza, ama atamdhulumu mkulima ama atajidhulumu mwenyewe. Kwa hiyo mashine hutazama kama milivolti zingali zikibadilika, na hutoa tone la pili pale tu usomaji ulipotulia.

Tena mashine haidondoshi kwa kipimo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanzoni, umeme unapopanda polepole, hutoa matone makubwa ili isipoteze wakati. Ikiona umeme umeanza kupanda kwa haraka, hupunguza tone mpaka likawa dogo kabisa. Wazee walisema chururu si ndondondo, na hapa kila mwendo una mahali pake: chururu mwanzoni, ndondondo karibu na mwisho.

5. DAFTARI LA MATONE

Sasa tumefika kwenye kiini cha maelezo yetu. Mashine ikimaliza, hutoa jibu moja, kwa mfano «miligramu 244 katika lita». Watu wengi hulichukua jibu hilo na kuendelea na kazi. Lakini nyuma ya jibu hilo kuna masomo thelathini, arobaini au zaidi, na hayo ndiyo ushahidi. Tutoe mfano. Tarakimu hizi ni za kuelezea tu, si za kiwanda fulani.

Tuseme mililita 10 za maji ya tangi zimetiwa chomboni, na dawa ya fedha ni ya nguvu ambayo mililita moja yake hulingana na miligramu 0.98 za sayanaidi ya sodiamu. Karibu na mwisho, mashine yaandika hivi:

Dawa mililita 2.40: milivolti 272 chini ya sifuri.
Dawa mililita 2.45: milivolti 255 chini ya sifuri.
Dawa mililita 2.50: milivolti 150 chini ya sifuri.
Dawa mililita 2.55: milivolti 60 chini ya sifuri.
Dawa mililita 2.60: milivolti 45 chini ya sifuri.

Msomaji atazame hatua baina ya mstari na mstari. Hatua ya kwanza ni milivolti 17, ya pili 105, ya tatu 90, ya nne 15. Mruko mkubwa umeanza baada ya 2.45 na umekwisha kufikia 2.55, na kwa hesabu mwisho wenyewe waangukia kwenye 2.49 hivi. Zidisha 2.49 kwa 0.98, wapata miligramu 2.44 ndani ya mililita 10, yaani miligramu 244 katika lita nzima.

Mtu mwenye karatasi hii haambiwi tu «amini». Aweza kuhesabu mwenyewe. Aweza kuipeleka kwa mtu wa pili asiyekuwapo siku ile, naye akahesabu. Hata baada ya mwaka mzima, karatasi ile yasema lile lile.

6. MAMBO AMBAYO JIBU MOJA HUYAFICHA

Daftari la matone lina kazi nyingine kubwa kuliko hiyo ya kuhakikisha hesabu. Laonyesha makosa ambayo jibu la mwisho haliwezi kuyaonyesha. Twataja manne.

La kwanza ni povu la hewa katika mpira wa bureti. Mota yasukuma, mashine yahesabu dawa, lakini kilichotoka ni hewa. Jibu litakuwa kubwa kuliko haki. Katika daftari itaonekana wazi: dawa yaongezeka, lakini milivolti zimesimama pale pale kwa hatua mbili tatu, kisha zaendelea kama kwamba hapakuwa na kitu.

La pili ni elektrodi chafu. Unga wa mwamba na uchafu wa tangi huganda juu ya fedha. Elektrodi hiyo huchelewa kusema. Katika daftari muda wa kusubiri huwa mrefu kila siku, na mruko wa mwisho huwa mdogo kuliko wa wiki iliyopita. Mpimaji mwenye kulinganisha karatasi za siku mbalimbali huijua elektrodi mbovu kabla haijamdanganya. Asiyelinganisha huja kujua baadaye, kwa hasara.

La tatu ni dawa yenyewe kupoteza nguvu. Nitreti ya fedha haipendi mwanga, ndiyo maana huwekwa katika chupa ya rangi ya kahawia. Kwa hiyo maabara yenye nidhamu hupima kila mara maji ambayo nguvu yake yajulikana, na jibu la jaribio hilo huandikwa katika daftari lile lile, pamoja na tarehe ambayo dawa ilitengenezwa.

La nne ndilo lihusulo mwamba wenye shaba, nalo ndilo gumu kuliko yote. Shaba nayo hushikana na sayanaidi. Mashine inapodondosha fedha na kumaliza sayanaidi iliyo huru, shaba huanza kuachilia sehemu ya sayanaidi iliyoishika. Turudi kwa mahamali wetu. Walio huru wamekwisha, lakini kuna wengine waliokuwa wakimtumikia tajiri mwingine, nao waanza kutoroka mmoja mmoja kuja kuchukua magunia yetu. Tukiendelea kuhesabu mpaka gunia la mwisho lisilo na mchukuzi, tutawahesabu na wale ambao hawakuwa wetu.

Hapo kiashiria cha rangi huchelewa kugeuka, na jibu lake hudai kwamba sayanaidi huru ni nyingi kuliko ilivyo. Mwendesha kiwanda akiamini, atapunguza dawa, na dhahabu itabaki katika unga na kwenda bwawani. Katika daftari la milivolti hali hiyo huonekana kwa umbo la mstari. Pale ambapo hapana shaba, mstari hupanda wima kama ngazi. Palipo na shaba nyingi, hupanda kama mgongo wa kilima, bila mruko mkali. Jibu laweza kuwa tarakimu moja katika hali zote mbili, na mashine italiandika kwa herufi zile zile nzuri. Umbo la mstari peke yake ndilo litakaloonya.

Na tukumbuke kwamba mashine hizi mara nyingi zimefungwa moja kwa moja na pampu ya sayanaidi. Zamani baina ya tarakimu na pampu alisimama mtu, aliyeweza kusema «hapana, hii si kawaida». Mtu huyo akiondolewa, tarakimu ya uongo haiishii katika karatasi. Hugeuza koki. Ndiyo maana mashine ikiachiwa kazi ya mkono, haipasi kuachiwa pia kazi ya kukagua. Lazima awepo mtu afunguaye daftari la matone na kulisoma, walau mara moja katika zamu.

7. WATU WAWILI WAKIPATA TARAKIMU MBILI

Mgodi huo wa Bulyanhulu umehusika katika habari moja kubwa ya vipimo ambayo wanachama wengi waliisikia redioni. Mwezi Machi 2017 Serikali ilizuia makinikia kupelekwa nje ya nchi. Yalitoka Bulyanhulu na mgodi wa pili wa Buzwagi, na makontena 277 yalisimama Dar es Salaam. Kamati iliyoundwa na Rais John Magufuli, chini ya Profesa Abdulkarim Mruma, ilitoa taarifa yake tarehe 24 Mei 2017. Ilisema imekuta wastani wa gramu 1,400 za dhahabu katika kila tani, ilhali hati za usafirishaji zilionyesha kiasi cha gramu 200. Kampuni iliyokuwa na migodi wakati huo, Acacia, ilikataa matokeo ya kamati. Mambo yalikwisha kwa mazungumzo: mapatano yalitangazwa Oktoba 2019 na kutiwa saini Januari 2020, na ikaundwa kampuni ya Twiga ambayo Serikali ina hisa ndani yake.

Hatuandiki haya ili kuamua nani alikuwa sahihi, wala kipimo kile hakikuwa cha matone. Twayataja kwa sababu yaonyesha jambo moja. Tarakimu mbili zikikutana zikiwa tupu, hapana mizani ya kuzipima zenyewe. Kitu kiwezacho kupatanisha ni njia iliyofuatwa: sampuli ilichukuliwa vipi, kutoka wapi, ilipimwa kwa chombo gani, kilijaribiwa lini, na kila hatua ilisoma nini. Mwenye kuweza kuonyesha hatua zake ana la kusema. Mwenye tarakimu tupu ana sauti yake tu.

8. KURUDI MASHAMBANI KWETU

Sasa twarudi kwenye karafuu. Mwanachama hana elektrodi wala bureti, lakini ana jambo linalofanana kabisa na titresheni, nalo ni kuanika. Karafuu mbichi hupoteza maji siku kwa siku, haraka mwanzoni na polepole mwishoni, mpaka ifike mahali ambapo haipungui tena. Kilo tatu za mbichi hutoa kiasi cha kilo moja ya kavu, na kwa jua zuri kazi huchukua siku nne au tano. Akiziingiza ghalani mapema, zitavunda na kufanya ukungu, na daraja litashuka. Akizichoma jua kupita kiasi, zitavunjika na uzito utapotea.

Wakulima hodari hujua kwa mkono: karafuu iliyokauka hukatika kwa mlio. Hatusemi desturi hiyo iachwe. Twasema iwekewe daftari, namna hii:

Kwanza, mwanachama achukue ungo mmoja, aupime mtupu na kuandika uzito wake.

Pili, siku ya kwanza ya kuanika atie kilo tatu kamili za karafuu mbichi zilizochambuliwa makonyo, aziweke juani pamoja na nyingine, wala asizichanganye.

Tatu, kila jioni saa ile ile, kabla ya kuziingiza ndani, aupime ungo, atoe uzito wa ungo mtupu, na kuandika kinachobaki. Pembeni aandike hali ya siku: jua, mawingu au mvua.

Kwa mfano, kama jua ni zuri, daftari laweza kusomeka hivi: jioni ya kwanza gramu 2,350, ya pili 1,750, ya tatu 1,330, ya nne 1,090, ya tano 1,010, ya sita 1,000. Msomaji aone jinsi hatua zinavyopungua: 650, 600, 420, 240, 80, na mwisho 10. Hapo mkulima ajua kwamba karafuu zimetulia, kama vile mashine ijuavyo kwamba elektrodi imetulia.

Lakini na ajihadhari na mwisho wa uongo. Tuseme jioni ya tatu alipata 1,330, siku ya nne ikanyesha mvua, na jioni akapata 1,325. Mtu atazamaye hatua ya mwisho peke yake atasema zimekauka, kwa kuwa hazikupungua. Daftari zima litamkanusha. Pembeni imeandikwa «mvua», na uzito ungali mbali na theluthi ya mbichi. Hili ni kama povu la hewa katika bureti: kipimo kimesimama, lakini kazi haijaisha.

Daftari hilo lina faida ya pili. Siku ya kupeleka karafuu kituoni, kipima unyevu kikitoa jibu ambalo mkulima halitarajii, hatakuwa na haja ya kugombana. Atafungua daftari lake na kusema: «Ndugu karani, hizi ni siku zangu sita na uzito wa kila jioni. Tafadhali tuchukue konzi nyingine kutoka gunia lingine, tupime mara ya pili, na tuone kama mashine yasoma sawasawa.» Ombi la namna hiyo ni la heshima, na karani mwema hatalikataa, maana nayo mashine yake yaweza kuwa na uchafu bila ya yeye kujua. Na ikionekana kwamba kosa ni la mkulima, daftari litamwonyesha ni siku gani alikosea, ili msimu ujao asirudie.

Sheria za kuandika ni chache. Andika papo hapo, usingoje kesho. Andika ulichokiona, si ulichokitarajia. Ukikosea usifute wala usipasue karatasi; piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke bado, kisha andika sahihi pembeni. Usiache jioni moja bila kuandika. Kama hukupima, andika «sikupima». Hizi ndizo sheria za maabara, na mtoto wa shule aliye nyumbani aweza kuzifuata vizuri kuliko sisi wazee, kwa hiyo mpeni kazi hiyo.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema waliotutangulia. Tunawaomba wanachama katika kila tawi wajaribu ungo mmoja tu msimu ujao, na walete daftari zao katika mkutano wa tawi baada ya mavuno. Tukiziweka pamoja daftari za Unguja na Pemba, za bondeni na za juu, tutaweza kusema kwa tarakimu zetu wenyewe karafuu ya kila mahali hukauka kwa siku ngapi, na kituoni hatutakwenda mikono mitupu.

Twawatakia wanachama wote uanikaji mwema na jua la kutosha.